Mizani Mbili

Tela la kwanza tulilikuta Mbalizi,
jeupe, refu, lenye mapazia ya maua na choo chake ndani,
limesahauliwa na misheni nyuma ya ghala la Sichone.
Nikafungua kabati, nikafunga, nikafungua tena.
"Kilo elfu moja mia tatu arobaini,"
Sichone akasoma kibati
kwa sauti ya mtu anayetaja mahari.

Nje ilingoja Escudo yetu,
injini ya lita moja na nukta sita,
umri sawa na kitinda mimba wetu.
Kitabu chake kinasema: elfu moja, basi,
na hapo tela liwe na breki zake.
Kitabu kiliandikwa usawa wa bahari.
Huku kwetu injini huvuta pumzi
ikapata nusu kikombe.

Nilitaka kununua. Nasema kweli.
Miaka thelathini na moja nilifundisha Kiswahili Igawilo,
nikihesabu mizani ya mashairi kwa vidole vya watoto,
nane kwa nane, usizidishe, usipunguze;
siku ile vidole vyangu vilisahau kazi.

Atupakisye hakusahau.
Mizani yake ni ile ya kliniki,
inayoning'inia kwenye boriti, mtoto akilia ndani ya kaptula ya turubai,
na mama mtu akibembeleza, "Ongeza hata nusu kilo, nesi."
Hakuwahi kuongeza.
"Hili ni tupu," akasema. "Maji je? Mtungi wa gesi?
Na viazi? Wewe Isyonje hupiti bila magunia mawili."
Sichone akacheka. Mimi sikucheka, maana ni kweli.

"Gari likishindwa kupanda, tutasukuma.
Likishindwa kushuka?"

Tukanyamaza wote watatu,
kila mmoja na mteremko wake anaoujua.

Fundi Tweve, Mafiati,
alikuwa na kitu kama kabati la vyombo lililolala chali:
fremu ya paipu, mbavu za plaiwudi, ngozi ya alumini.
"Kilo mia nne ishirini, pamoja na vitasa."
Ndani linaenea godoro moja, nami nikunje goti,
na rafu ya Biblia na birika.
Kupika ni nje, inyeshe isinyeshe.

Atupakisye hakumwamini fundi pia.
Akatoa kwenye kikapu mizani ya kupimia wajawazito,
akaiweka chini ya mdomo wa tela.
Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikatulia arobaini na tano.
"Mdomo ukiwa mzito, gari litainama nyuma.
Ukiwa mwepesi, tela litatikisa mkia."
Nikamwuliza amejulia wapi.
"Mbeleko," akasema.
"Mtoto akikaa vibaya mgongoni, unayumba wewe."

Usiku nikaandika ubeti:

    Nilipenda lile zito, pazia madirishani,
    Mabonde nayo na mito, yaliniita njiani,
    Mke wangu, wangu kito, akaniweka mizani:
    Kiwe chepesi kipande, kizito kibaki chini.

Akausoma mara mbili, miwani puani.
"Hiyo 'wangu' ya pili ni mzigo. Ishushe."
Nikamwambia bila hiyo ubeti unapungukiwa.
"Haya," akasema, "basi iwe kama birika."

Mwezi wa pili tukapanda kutoka Uyole,
gia ya pili, ukungu ukilamba kioo,
fuso la mbao likatupita likitupigia honi ya dharau,
nasi tukaipokea.
Sindano ya joto ilisimama katikati, ikatuangalia.

Isyonje nikasimamisha gari.
Viazi vilikuwa vimemwagwa kando ya barabara,
vimeoshwa na mvua, vyekundu kama vidole vya asubuhi.
Nikamtazama mke wangu. Akatazama mbele, Kitulo.
Nikanunua sado moja.

Akaipokea kwa mikono miwili,
akaipandisha na kuishusha hewani, akitafuta namba,
kisha akafungua mlango wa tela
akaiweka sakafuni, juu ya ekseli hasa.